Mufu Anajua Kungoja

Hapana. Hapo umedanganya, na nitakukatiza ata kama uko mukubwa kwangu. Unasema muzee alitutupa. Unasema siku ya musiba alikuwa mu hema yake ya kazi, hatua mia tatu na kanisa, anaunga laini ya watu wengine, na sisi tunalia mbele ya skrini nyeusi. Ulikuwa pale? Haukuwa. Ulisikia ku Columbus, ku meza ya tantine fulani, na ye alisikia ku simu. Mi nilikuwa pale. Nilisimama mu ile hema na viatu ya kanisa mu matope. Donc kaa chini nikuambie huyu mutu alikuwa nani. Kisha utamuhukumu.

Tulimuitaka Muzee wa Matangazo. Kila siku ya Mungu, mu kanisa yetu ya Iroquois, pale South End ya Louisville, ye njo alikuwa anasimama na karatasi kusoma matangazo. Ku kazi alikuwa fundi wa faiba, zile nyuzi ya kioo, nyembamba sawa unywele, zinabeba simu na intaneti chini ya barabara. Zikikatika, anaitwa, anaziunga moja moja na mashine yake ndogo. Mais sisi tulimujua na karatasi.

Na karatasi yake ilikuwa inakasirisha watu.

Kwetu, unajua, mufu anatangazwa wa kwanza. Kama kuko musiba, harusi inanyamaza, ata mugonjwa ananyamaza. Ye hapana. Wagonjwa kwanza. Mama mwenye iko karibu kuzaa na hana gari ya kumupeleka, huyo naye kwanza. Kisha wafu. Kisha wenye wanatafuta kazi ama nyumba. Harusi mwisho kabisa. Na mbele ya wote, mbele ya salamu ya pasta, aliwekaka gari yenye imefunga mulango. "Mwenye gari nyeupe ya milango mine, toka uisogeze. Kama mutu anaanguka hapa, ambulansi itapita wapi? Ju ya kichwa yako?"

Siku moja Mama Harusi (tulimupa ile jina juu alikuwa na mabinti tano na wote waliolewa miaka ileile) alimungojea ku mulango.

"Papa, mutoto yangu anaolewa, na umemuweka nyuma ya mafua ya mutu?"

"Mama, harusi iko Samedi, Jumamosi yenye inakuja. Mafua iko leo."

"Na ile musiba ya Columbus? Umeiweka nyuma ya mutu mwenye kuvunjika kidole!"

"Mufu anajua kungoja, mama. Mugonjwa hajui."

Alikuwa anaisema bila kucheka. Watu walisema ni kiburi. Mi pia nilisema, usinione mutakatifu.

Bon. Namna gani nilimujua vizuri. Mi nafanyaka kazi ku warehouse ya Shively, kuskani maboksi, na hakuna mwalimu alinifundisha mambo ya mitambo. Nilijifunza ku simu, dakika kumi na tano ya mapumziko, mugongo ku rafu, video na video, mpaka supavaiza anapiga filimbi. Kanisa ilinipa kazi ya sauti na picha, ile ya kurusha ibada ku intaneti ili watu wa Buffalo na ya Columbus watufwate. Picha ilikuwa inakwama. Nilikuwa natukana mashine kwa nguvu, mu nyumba ya Mungu. Muzee alisikia, akaja na sahani yake ya wali.

"Mama, unagombeza nani?"

"Intaneti, papa. Iko polepole."

"Mwanga haiko polepole. Mwanga inakimbia sawa kwa wote, haina mukubwa. Kungoja kuko ku mulango."

Na akanionyesha na maharagi. Aliweka moja moja ku meza. Picha yako, anasema, inakatwa vipande vidogovidogo. Kila kipande inabeba alama ku kichwa: ya haraka, ya kawaida, ya kungoja. Mashine ku mulango inasoma alama. Sauti ya mutu anaita polisi, inapita. Picha ya kwaya, inangoja. Mustari ikijaa, kipande inatupwa. Na akatupa haragi moja chini, kweli kabisa, mbele ya Mama Pasta.

"Inapotea?"

"Kama upande ule haujasema 'imefika', upande huu unatuma tena. Mpaka iseme imefika. Kazi yote iko pale, mama. Kutuma ni rahisi. Mutoto anajua kutuma."

Depuis ile siku nikawa mutu yake. Sijui kusema ingine. Mutu akimutaja vibaya, mi damu inachemka.

Alikuwa na mambo yake. Simu hakuwa anashika, ata umupigie mara ishirini. Mutu anaunga simu ya watu elfu na elfu, yake inalia mu mufuko na anaiangalia sawa mududu. Kisha anakutumia sauti ya dakika nane, na dakika tatu za kwanza ni salamu. Alikatazwa sukari na daktari, na mu gari yake, chini ya kiti, mulikuwa biskuti mu kopo ya misumari. Alituchapa na maneno kama tumechelewa, na ye mwenyewe alichelewa kila siku juu alikuwa anarudi mara mbili kuangalia kama amefunga mulango. Ukimutuma kitu, anaituma kwa njia mbili. Siku ya kualika watu ku ubatizo wa mujukuu yake, alipatia kila mualiko watu wawili wa kuupeleka, na aliwakataza wasipande gari moja. "Njia moja, siyo njia," anasema. Tulicheka. Watu wa ubatizo walikuja wote, wengine walisumbuliwa mara mbili.

Na ile neno yake: rudilia.

Ukimwambia kitu, anairudilia kwako neno kwa neno. Akikuambia kitu, anangoja weye urudilie. Kama haurudilie, anakushika mukono ya shati. "Rudilia." Mutoto akitumwa chumvi: "Rudilia." Pasta mwenyewe! Pasta akimwambia ibada ya jioni ni saa kumi na mbili, muzee anamuangalia tu, mpaka Pasta anasema, "Sawa, sawa, saa kumi na mbili nimesema." Kisha ye anamaliza na neno moja: "Imefika."

Ile neno ilitoka wapi, nilijua mu barabara.

Dada yake mukubwa alikuwa mugonjwa ku Buffalo, ku East Side. Ye njo alimulea muzee, siyo mama yao. Majuma mbili mbele ya kufa kwake, van ya kanisa ilienda kumuona, na mi nilikuwa mwenye kuendesha. Ni njia ya mbali. Muzee alikaa mbele karibu yangu, mukono ku dirisha, na kila saa ananyoosha kidole ku majani kando ya barabara. "Hapa tunapita." "Nani anapita, papa?" "Sisi. Sauti yetu. Ile kamba ya faiba inafwata barabara mpaka Columbus, kisha inapanda ku ziwa." Watu nyuma wanalala, ye anasalimia kamba.

Kisha karibu na Columbus, bila mi kumuuliza, akaniambia ya phonie.

Phonie ni ile radio ya zamani, mbele simu ya mukononi haijafika kwetu. Ku milima ya juu ya Kivu hakukuwa kitu ingine. Nyumba moja, radio moja, betri ya gari, na mustari ya watu inje. Ye njo alikuwa mwenye kushika radio. Watu wanakuja na ujumbe, anatuma chini ku Uvira, mwenzake kule anarudilia, ye anasema "imefika", mutu analipa anaenda. Na mustari ilikuwa na sheria ya wakubwa: musiba inapita mbele ya yote.

"Siku moja wafu walikuwa watatu," akasema. "Na unajua musiba ya kwetu. Haiwezi kusema tu fulani amekufa. Lazima utaje shemeji, utaje wajomba, ukisahau mutu moja ni vita. Musiba ya kwanza, nusu saa. Ya pili, nusu saa. Na inje kulikuwa infirmier, muuguzi wa kliniki, na kijaratasi kidogo. Mwanamuke anazaa, damu haisimame, watume gari. Maneno sita, mama. Nilihesabu kisha. Maneno sita. Akaniambia, papa, yangu ni fupi. Nikamwambia, ngoja, ni musiba. Mu musiba ya tatu betri ikakufa."

Mi nilishika usukani.

"Na mwanamuke?"

"Akaingia mu mustari ya musiba. Asubui yake nilimutangaza, wa kwanza, na wajomba yake wote."

Unaona sasa? Watu ya kanisa walifikiri anazarau wafu. Kumbe alishawatumikia kupita wote, na aliona bei.

Ku Buffalo alikaa siku tatu kando ya kitanda. Wakati wa kurudi alisema, "Nimemuaga akiwa ananisikia. Imebaki neno ya familia." Neno ya familia unajua: mbele ya kuzika, mukubwa mwenye amebaki anasimama, anasema mufu alikuwa nani, anaomba musamaha ya madeni yake na ya matusi yake, kisha njo sanduku inashuka. Ye njo alikuwa amebaki. Mais siku zake za ruhusa ku kazi ziliisha mu ile safari. Dada alipokufa, tukapanga: atasema neno kutoka kanisa yetu, ku skrini, na mi nitarusha. Buffalo watamuona, Columbus watamuona. Samedi, saa ine ya asubui.

Ile Samedi alikuja na suti nyeusi. Nilimuwekea mikro. Saa tatu na nusu, skrini yangu ikakufa. Nikafikiri ni mashine. Nikatoa simu: nayo imekufa. Simu ya wote imekufa. Mashine ya kuchimba, kwenye barabara ya nyuma, ilipita mu kamba, na ile kamba njo ilikuwa inalisha ata munara ya simu.

Simu ya kazi yake, ya kampuni ingine, yenye inaongea na ofisi tu, ilikuwa ingali na mtandao. Ikalia. Na ile siku, mutu mwenye hashikaka simu, alishika.

Akavaa ovaroli ju ya suti. Akatoka.

Mi nilingoja dakika makumi ine. Watu wanaanza kuniuliza. Watoto wa marehemu, wajukuu wa marehemu, wako kule wamesimama na sanduku, na sisi hatuna ata sauti. Nikakimbia. Nikaingia mu hema bila kuomba. Alikuwa ameinama, miwani ku pua, kamba imefunguka mbele yake sawa utumbo: nyuzi ya rangi, bluu, kijani, nyeupe, njano. Ku pembeni, karatasi ya ofisi: ianze munara, kisha nyumba ya wazee wagonjwa na kliniki, kisha wengine.

"Yetu iko wapi?"

"Ile ya pinki. Ya mwisho."

"Itachukua dakika ngapi?"

"Tano."

"Dakika tano! Papa! Ni dada yako!"

"Najua ni dada yangu. Toka kwa mwanga, mama."

"Nani atakuona? Ofisi iko hapa? Unga ya pinki kwanza, kisha uendelee na karatasi yao!"

Hakuinua kichwa. Aliweka uzi mu mashine, mashine ikalia kidogo, akaweka ingine. Kisha akasema polepole, sawa mutu anasoma: "Munara itarudi mu nusu saa, mais itarudi na nguvu kidogo. Enda uwaambie watu wote wafunge simu. Wote. Ibaki moja. Ulete ile moja hapa kwangu. Sauti tu, hakuna picha. Nitasema neno nikiwa naunga. Rudilia."

Nikamuangalia. Kichwa yangu ilikuwa moto. Nilisikia yote, mais yenye iliniuma ni "sauti tu" na "ya mwisho".

"Rudilia weye mwenyewe," nikamwambia. "Weye moyo yako ni ya mashine."

Na nikatoka. Alikuwa na mikono mbili mu nyuzi, hakuweza kunishika shati.

Sasa sikia ginsi ilikuwa mu kanisa, juu hii njo haujui. Nusu saa, kweli, vijiti vya mtandao vikarudi ku simu. Watu mia na zaidi. Kila mutu akafungua yake, kila mutu anatafuta picha ya Buffalo, mutoto, mama, shemasi, wote pamoja, "Allô? Allô?" Hakuna ata moja ilipita. Uso wa mutu unakwama nusu, unapotea. Na mi nilisimama kati yao, najua dawa, neno kwa neno najua, na hasira ikanifunga kinywa. Nilikuwa nataka ye aone aibu. Ku Buffalo walingoja, walingoja, kisha watu ya makaburi wakasema saa yao imeisha. Sanduku ikashuka bila neno ya familia.

Uzi ya pinki iliungwa saa nane. Picha ikarudi, safi kabisa. Tuliona majani na viti vitupu.

Juma ile wazee wakakaa. Walimwambia mutu mwenye hakuheshimu musiba ya dada yake hawezi kusimama mbele ya watu. Walimuomba karatasi. Akaikunja mara mbili, akawapatia, akasema asante. Hakusema alituma ujumbe. Hakunitaja. Aliniangalia mara moja, nikaangalia viatu yangu. Mbele ya baridi kuingia akahama Buffalo, mu nyumba ya dada.

Miaka mbili mi nilinyamaza. Mi! Mwenye hanyamazake ata mu mazishi. Nilimutetea kwa kila mutu, niligombana na Mama Harusi mpaka tukaacha kusalimiana, mais kila mara nilitetea ile karatasi ya ofisi, munara, wagonjwa. Ile ya simu moja sikuitoa.

Mwezi iliyopita, siku ya Mungu, shemasi mupya alikuwa anasoma matangazo. Kulikuwa mama mwenye alianguka ku kazi, yuko hospitali, alimusoma mwisho, nyuma ya harusi mbili. Nikasimama tu. Nikasema yote.

Mama Harusi njo alisema wa kwanza. "Na weye ulimuachilia abebe hii, muda yote?"

"Njo, mama."

"Na sisi wote tulifungua simu," akasema, polepole sasa. "Mi nilikuwa na mbili."

Wazee wakanituma. Van ileile, barabara ileile, na ku Columbus nilijikuta nasalimia majani kando ya barabara sawa mupumbavu. East Side kulikuwa theluji mpaka magoti. Alifungua ye mwenyewe, na kandambili, kijiko ya bugali mu mukono. Nyuma yake mujukuu wa dada anavaa koti.

"Takataka inje, kisha viatu uache ku mulango. Rudilia."

Mutoto akarudilia, Kiingereza yote, macho ku simu.

"Imefika," muzee akasema. Kisha kwangu: "Mama. Umekonda. Warehouse inakula watu?"

Sikukaa. Nilimwambia nikiwa nimesimama, koti ingali mwilini: nimesema mbele ya kanisa, wazee wanaomba musamaha, karatasi inamungoja. Alisikiliza akiwa anageuza bugali.

"Papa, juu ya nini haukusema ulinituma?"

"Ujumbe yenye haikurudiliwa, haijatumwa. Kosa ni ya mwenye kutuma. Nilikuachilia utoke bila kurudilia. Nilijua kanuni, siyo weye."

"Mikono yako ilikuwa mu nyuzi!"

"Kinywa haikuwa mu nyuzi. Ningekuita mara ya pili. Nilikuwa na hasira kwako, mama. Moyo ya mashine, ulisema. Nikanyamaza."

"Usinikasirishe, papa! Sikuendesha van mpaka huku juu ya kusikia kosa ni yako!"

Akacheka. Meno mbili hazipo tena. Kisha akazima moto, akaweka kijiko chini, akakaa, mikono ku magoti sawa mutu ya phonie anangoja upande wa pili.

"Basi rudilia."

Nikarudilia. Munara itarudi mu nusu saa, mais itarudi na nguvu kidogo. Niwaambie watu wote wafunge simu. Wote. Ibaki moja. Niilete kwako. Sauti tu, hakuna picha. Utasema neno ukiwa unaunga. Sikusahau ata moja. Mu mwisho sauti yangu ilikuwa inakatika sawa ile picha.

Aliondoa mikono ku magoti.

"Imefika," akasema.

Kisha akasimama, akatoa sahani, akaniuliza, na sauti ya siku zote, yule mama wa hospitali anaendelea aje, na nani anamupelekea chakula. Sikujua. Nilikuwa nimeendesha mpaka Buffalo na sikuuliza.

Neno ya familia aliisema siku ileile, ku makaburi, theluji inaanguka, mi na ye na mujukuu wa dada. Ilikuwa fupi. Sitaisema hapa, siyo yako.

Karatasi hajasema kama ataichukua. Alisema tu: "Wambie: wagonjwa kwanza," na nilirudilia.

Donc usinirudishie tena ile ya kusema alitutupa. Ye alituma. Mi njo sikufikisha. Na weye mwenye kuhukumu: ujumbe ya nani ingali kwako?